Kunguru wa Kibanda cha Juu

Bibi kizee aliingia kibanda cha matangazo bila kupiga hodi, fimbo mkono huu, kifurushi cha wali wa kunata mkono ule, akauliza ni nani kati yao aliyekuwa Ofad.

Mchezo wa besiboli ulikuwa karibu kuanza, na mgeni hakuruhusiwa kupanda ngazi zile. Hsu, mtangazaji mkuu, alishusha hedifoni shingoni akamtazama Yin-chen, msimamizi wa matangazo. Yin-chen naye akamtazama mlinzi aliyesimama mlangoni nyuma ya bibi. Mlinzi akajitetea kwamba huyu ni mtu wa kwao, wa pwani ya mashariki, tena amekwisha kumpa kifurushi kimoja cha wali. Sasa angemfukuzaje mtu ambaye chakula chake kiko tumboni mwake tayari?

"Ofad ni mimi, Bibi," alisema Ofad, akainuka.

Ofad alipoinuka kibanda kilionekana kidogo. Bibi hakumtazama usoni. Alitega sikio, akasogea, akaubonyeza mkono wake kama anunuaye nguruwe sokoni.

"Sauti ndiyo hiyo," alisema. "Ila redioni unasikika mwembamba. Huu ndio mkono uliokuwa ukiwaliza watu?"

"Siku hizi anawaliza kwa mdomo," alidakia Hsu, na Yin-chen akacheka bila kutaka.

Bibi alijieleza kwa kifupi. Jina lake Panay. Alikuwa ametoka huko Taitung kwa treni ya asubuhi, akabadilisha gari mara mbili, peke yake, kwa sababu leo mrushaji wa timu ya Kakakuona alikuwa Kacaw, mjukuu wake aliyemlea tangu anatambaa. Kisukari kilikuwa kimemla macho, jicho moja baada ya jingine, na hajawahi kukaa uwanjani kijana akirusha. Tiketi yake ilikuwa ya viti vya nyuma ya mdakaji. Redio yake ndogo alikuwa nayo mfukoni mwa koti. Kilichomleta juu ni neno moja tu, na wali huu ni wa kulisindikiza.

Akalisema. Marehemu mumewe alipougua, daktari aliwaambia watoto. Watoto wakawaambia majirani, majirani wakamwambia mchungaji. Kijiji kizima kilijua, isipokuwa yeye, kwa kuwa walisema wanauhurumia moyo wake. Kila alipouliza aliambiwa baba anaendelea vizuri. Basi akawa anampikia samaki na kumgombeza kwa kutokula.

"Alikufa Jumanne," alisema Bibi Panay. "Jumatano ndipo nikaambiwa kwamba alikuwa mgonjwa."

Mlinzi alitazama viatu vyake.

"Wenye macho mnapenda sana kuwaficha watu mambo," aliendelea. "Leo wewe ndiye macho yangu. Kacaw akipatwa na jema, akipatwa na baya, uniambie likiwa bado linatokea. Likishapita halinisaidii. Nisiwe wa mwisho tena."

"Sitakuficha kitu, Bibi. Nakuahidi."

Aliahidi upesi, kama mtu anayeahidi mvua wakati mawingu yameshatanda. Kazi yake si ndiyo hiyo hiyo, kusema anachokiona? Mlinzi akamshika bibi mkono wakashuka, na Yin-chen akaufungua wali.

Zamani Ofad aliitwa Nyati. Alitoka kijiji cha wavuvi ambako watoto hupiga mawe kwa fito kabla hawajajua kusoma, na alipofika ligi kuu watu walikuja uwanjani mapema ili tu wamwone akifanya mazoezi, mipira ikivuka uzio na kugonga mabati ya maegesho. Kwa miaka mingi hakukuwa na mrushaji aliyelala vizuri usiku wa kuamkia kukutana naye. Kisha kano ya goti ikakatika, akashonwa, ikakatika tena. Aliondoka uwanjani akichechemea huku watu wamesimama wakimwimbia wimbo wake, na mwaka uliofuata alikuwa dereva wa lori la kuku, akisikiliza michezo redioni kati ya shamba na machinjio.

Yin-chen ndiye aliyemtoa kwenye lori lile. Redio yao ilihitaji mchambuzi wa kukaa kando ya Hsu, na Yin-chen alikumbuka jinsi Nyati alivyokuwa akiwachekesha waandishi. Wakampa nusu msimu wa majaribio. Ofad aliipenda kazi hiyo kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Alikuwa amerudi kwenye harufu ya nyasi zilizokatwa, na kwenye ule mlio wa gongo likiushika mpira katikati. Nje ya hapo kulikuwa na kuku tu.

Lakini balaa likamwandama. Alimsifu mpigaji mmoja kwamba tangu Aprili hajakosa mpira wa chini, na mpira uliofuata, wa chini, jamaa akaukosa. Alimsifu mdakaji kwa mikono isiyoponyoka, mpira ukaponyoka. Mara ya tatu mashabiki wakampa jina: Kunguru, kwa maana mdomo wake unaita nuksi. Walichora picha yake akiwa na manyoya meusi, ikasambaa. Kampuni ya kinywaji cha nguvu iliyodhamini matangazo ikalalamika. Mkurugenzi wa redio alimwita wiki ile akamwambia kwa upole kabisa kwamba akimtia mtu mkosi mmoja mwingine hewani, hawataweza kumtetea.

Kacaw alianza mchezo kama kijana mwenye safari fupi. Alirusha kwa mkono wa kushoto, mpira ukija umenyooka halafu ukizama mbele ya gongo kama jiwe majini. Wapigaji wa Tufani, timu pinzani, walitoka mmoja baada ya mwingine. Ofad aliyaeleza yote, na kila baada ya mtu kutolewa alichungulia chini: Bibi Panay alikaa wima nyuma ya wavu, redio sikioni, akitafuna tambuu na kutikisa kichwa kukubali.

Kipindi cha tano kilipokwisha, Hsu aliacha ghafla kutaja takwimu za Tufani. Ofad akamtazama, kisha akatazama ubao wa matokeo. Kakakuona mbili, Tufani bila. Na katika safu ya mapigo ya Tufani, sifuri.

Ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo mrushaji anaweza kuvipata: kumaliza vipindi tisa bila mpinzani hata mmoja kuupiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama. Wengi hustaafu hawajakifikia. Na kwa kuwa ni kikubwa, hakitajwi. Kinapoendelea, anayekitaja amekiua. Mchezaji anajua, shabiki anajua, muuza soseji anajua. Kwenye benchi la Kakakuona wenzake Kacaw walikuwa wamekwisha kumhama. Alikaa peke yake, taulo begani, na kutoka kwake hadi mwenzake wa karibu pangeweza kulala watu watatu.

Ofad aliiheshimu sheria hiyo kuliko wote. Siku za uchezaji wake, mchezo wa namna hii ulimkuta kamba ya kiatu kimoja imefunguka, naye akacheza hadi mwisho bila kuifunga, asije akabadilisha kitu.

Katika chumba cha mitambo Yin-chen aliinuka, akaichukua ile pakiti ya kijani ya bisi ambayo mafundi huiweka juu ya mitambo ili isigome, akakagua tarehe kama bado haijapita, akairudisha taratibu palepale. Kisha akaandika kwenye ubao wake mdogo na kuuinua nyuma ya kioo: TUSISEME.

Ofad alitikisa kichwa kukubali. Halafu akaangalia chini kwenye wavu, na hapo ndipo alipoikumbuka ahadi yake.

Kipindi cha sita kilipita, cha saba kikaingia. Uwanja ulianza kubadilika. Ngoma zilipungua, watu wakaacha kwenda msalani. Kila Kacaw alipoinua mguu kurusha, maelfu ya watu walishika pumzi, na mpira ulipotua kwenye glavu ya mdakaji waliziachia kwa pamoja. Mtu mwenye macho angetazama ubao akaelewa. Asiyeona alisikia tu watu wamenyamaza, na Bibi Panay aliufahamu vizuri ukimya wa watu wanaojua jambo.

Kutoka juu Ofad alimwona akimgusa kijana aliyekaa kando yake, akimuuliza. Kijana alimpigapiga mkononi na kutikisa kichwa. Bibi akageukia upande wa pili, kwa mama mwenye kofia ya timu. Mama yule naye akamshika bega, akamwinamia, akasema neno fupi, akarudi kutazama mbele haraka. Basi bibi akageuka nyuma, akainua uso kuelekea kibanda asichokiona, kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini.

Ofad alisogea kwenye kipaza sauti. Alitaka kulisema. Ulimi ukakwepa wenyewe.

"Kacaw anaendelea vizuri," alisema.

Chini kule Bibi Panay aliitoa redio sikioni, akaiweka mapajani.

Hakuitupa wala hakukasirika. Aliiweka tu, kama mtu anavyoweka kikombe alichokuta ni kitupu. Ofad akajua alichosema. Maneno yale yale. Hata sauti pengine ilikuwa ile ile, ya mtoto mwema anayemhurumia mama.

Kipindi cha nane Kacaw aliwatoa watatu kwa mipira michache. Kakakuona walipokwenda kupiga, mashabiki wakasimama wakaimba bila ngoma, kama desturi ya kipindi hicho, lakini leo waliimba kama watu walio kanisani. Yalipoingia matangazo ya biashara, sauti ya Yin-chen ilisikika ndani ya hedifoni. Mkurugenzi alikuwa amepiga simu. Anasikiliza. Amesema kijana akimaliza salama, na Ofad akiwa kwenye kipaza sauti, basi lile jina la Kunguru litafutika lenyewe, na mkataba wa msimu ujao utasainiwa kesho. Anachotakiwa ni kunyamaza kwa watu watatu tu.

"Nilimwahidi yule bibi," alisema Ofad.

"Utamwambia mwisho wa mchezo. Nitakushusha mwenyewe, Kaka, umkumbatie."

"Mwisho wa mchezo ni Jumatano, Yin-chen."

Yin-chen aliyaelewa. Alionekana nyuma ya kioo akifumba macho kidogo. Alisema anamwomba, kwa kuwa ni yeye aliyemleta hapa, na akimpoteza hajui atampeleka wapi. Hsu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alizungusha kiti akamwambia waziwazi kwamba kazi yao si kutimiza ahadi za vikongwe; kule chini kuna kijana ambaye huenda asiipate tena nafasi hii maishani.

"Ukilisema akapigwa," alimaliza Hsu, "utamtazamaje?"

Hilo ndilo lililomchoma. Uchungu wa kazi yake angeweza kuubeba, kuku amekwisha kuwazoea. Lakini Kacaw je? Ofad alijua vizuri jambo kama hili linavyokufa, kwa kuwa alishawahi kuliua.

Ulikuwa mwaka wake bora kuliko yote. Mrushaji aliitwa Liao, mtu mkimya mwenye mke mjamzito jukwaani. Kipindi cha tisa, wawili wametolewa, anabaki Ofad. Uwanja mzima ulikuwa umefunga midomo, pande zote mbili. Mtangazaji wa siku ile, mzee aliyesifiwa kwa nidhamu, hakuwa amelitamka hata kwa fumbo. Watu walimsifia hilo miaka mingi baadaye. Na Liao akarusha mpira uliochelewa kuzama, ukaning'inia mbele ya kifua cha Ofad kama embe, naye akaupeleka nje ya uzio.

Hakuna aliyekuwa amesema neno. Mpira uliruka kwa sababu ulining'inia, na kwa sababu mikono yake ilikuwa mepesi siku ile. Alijua hivyo tangu dakika ile ile, akizunguka vituo katikati ya ukimya, na bado kwa miaka yote aliendelea kuacha kamba za viatu zilivyo. Alikuwa akiogopa neno, kumbe neno halijawahi kushika gongo.

Taa nyekundu ikawaka. Walikuwa hewani.

Hsu aliwakaribisha wasikilizaji kipindi cha tisa, sauti yake ikiwa laini na makini, akataja jina la mpigaji wa kwanza. Kacaw alikuwa akipanda kichuguu cha kurushia, akifuta kiganja kwenye suruali. Bibi Panay alikuwa ameirudisha redio sikioni. Labda tumaini, labda mazoea tu. Ofad aliuvuta mkono wa kipaza sauti karibu. Yin-chen alimwona, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Bibi Panay," alisema Ofad, "uliyekaa nyuma ya mdakaji. Nilikuficha jambo, na sasa nakwambia. Mjukuu wako amerusha vipindi vinane na hakuna mtu aliyempiga hata pigo moja. Ndiyo maana watu wako kimya. Si kwamba ameumia, wanaogopa kwa ajili yake. Wamebaki watatu. Akiwatoa wote bila kupigwa, atakuwa amefanya jambo ambalo mimi katika miaka yangu yote niliona likifanywa mara chache sana. Linatokea sasa hivi, Bibi. Hujachelewa."

Hsu alikuwa amejishika kichwa. Simu zote za chumba cha Yin-chen ziliwaka pamoja. Chini jukwaani, wenye redio waligeuka na kuangalia juu, wasio na redio wakaambiwa na wenzao, na miguno ikasambaa safu kwa safu kama upepo kwenye shamba la mpunga. Mtu alipiga kelele ya kunguru. Wa pili akamjibu.

Bibi Panay alikuwa ameweka kiganja kifuani. Alitema tambuu kwenye kikombe cha karatasi, akajifuta mdomo, akakaa sawasawa kama mtu aliyekaribishwa mezani.

Mpigaji wa kwanza aliukosa mpira wa tatu akaondoka akitikisa kichwa. Wa pili aliupiga juu, juu sana, na mlinzi wa upande wa kulia uwanjani akarudi nyuma, akarudi tena, mgongo ukagusa uzio, akaudaka. Ofad aliyasema yote, kila kitu mahali pake.

Wa tatu alikuwa mkongwe wa Tufani, mwembamba, mwenye subira. Aliacha mpira wa kwanza. Akaacha wa pili. Wa tatu akaugusa ukatoka nje. Kacaw alivuta pumzi, akainua mguu, akarusha ule mpira wake unaozama, na ulizama kama inavyotakiwa. Haukuwa na kosa. Mkongwe alijikunja tu, akaufuata chini kabisa, akausukuma kwa ncha ya gongo. Ukadundia kati ya walinzi wawili, ukateleza kwenye nyasi.

Kituo cha kwanza, salama.

Uwanja uliguna mguno mmoja mzito. Halafu watu wakaanza kugeuka. Ofad hakuhitaji kutazama kujua wanageukia wapi. Chupa tupu iligonga ukuta chini ya kibanda. Nyuma ya kioo Yin-chen alikuwa na simu sikioni, akisikiliza bila kujibu, machozi yakimshuka. Akainua ubao mdogo. Alikuwa ameandika: VUA HEDIFONI. SAMAHANI KAKA.

Kacaw alisimama kwenye kichuguu, mikono imelegea, akitazama nyasi pale mpira ulipopita. Hakuna mwenzake aliyemsogelea. Wote walikuwa wamegandishwa na hasara. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi.

Ni mtu mmoja tu aliyesimama. Bibi Panay alikuwa ameshika wavu kwa mkono mmoja, fimbo imeanguka, na kwa ule mwingine alikuwa akiugonga wavu ule, akimwita mjukuu wake kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine uwanjani aliyelijua. Alisikia mguno, akaelewa ulichobeba, na alikuwa amekwisha kufika hapo kabla ya wote. Kacaw aliinua kichwa. Akatafuta ilikotoka sauti, akaipata. Uso wake ulikunjuka polepole, akagusa ukingo wa kofia. Sasa kijana wa kando ya bibi akasimama naye, kisha mama mwenye kofia.

Ofad alikuwa ameshika hedifoni kwa mikono miwili, tayari kuivua. Hsu alimtazama, akatazama taa nyekundu ambayo bado ilikuwa inawaka, kisha akausogeza mkono wake mbali na kitufe cha kuzimia kipaza sauti cha mwenzake.

"Bibi," alisema Ofad, "amepigwa. Pigo moja, la chini, katikati ya walinzi. Mpira wenyewe ulikuwa mzuri, mpigaji alikuwa mzuri zaidi. Kacaw hajaumia. Anakutazama wewe. Kocha anataka kutoka benchini, na Kacaw amemwonyesha kiganja kwamba abaki. Amebaki mtu mmoja, Bibi. Ameomba mpira."